Somo la Wanachama: Habari ya Uongo Wakati wa Uchaguzi

Mwanachama auzaye mbata hakubali kuambiwa kwa mdomo tu uzito wa mzigo wake. Huitazama mizani, kisha hudai stakabadhi. Lakini mwanachama huyo huyo, ufikapo wakati wa kumchagua diwani, mbunge au Rais, aghalabu huipokea habari yoyote iliyoshuka na chombo kutoka Nyamisati, au iliyoingia katika simu yake usiku, bila ya kuuliza imetoka kwa nani.

Udanganyifu wa namna hii haukuletwa na simu. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili walioshindana jimboni walipewa alama, mmoja jembe na mwenziwe nyumba, kwa ajili ya wapiga kura wasiojua kusoma. Alama hizo hazikuwa na maana zaidi ya kumtambulisha mtu. Hata hivyo walikuwapo waliozigeuza kuwa hoja: jembe ndilo lilishalo, nyumba ndiyo isitiriyo. Kitu kilichowekwa ili kumsaidia asiyesoma kikatumiwa kumpoteza.

Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi wa Kenya wa mwezi wa Agosti, zilienezwa filamu fupi zilizofanana na taarifa za BBC na CNN, zikitangaza nani anaongoza katika kura ya maoni. Mashirika yote mawili yalizikana. Hapo chapa ndiyo iliyoibwa, kama vile mhuri wa chama uwezavyo kuchongwa na fundi yeyote. Kwa hiyo kuiona chapa hakutoshi. Yafaa kuitafuta habari hiyo kwa mwenye chapa mwenyewe.

Watu huogopa zaidi matusi na kashfa za wagombea. Lakini uongo ulio mbaya kuliko huo ni ule umwondoao mpiga kura kituoni. Tuchukue mfano wa mvuvi wa Jibondo aliyeletewa sauti katika simu, ikisema kwamba kituo chake kimehamishiwa Kilindoni. Atangoja maji, atavuka hadi Utende, atatafuta usafiri wa barabara. Akifika ataambiwa jina lake halimo. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, na huenda asiwahi kurudi. Hakuna aliyemkataza kupiga kura, lakini kura yake imekwisha kupotea. Dawa yake ni nyepesi: majina ya wapiga kura hubandikwa kituoni siku kadhaa kabla ya uchaguzi. Aende akalisome lake, au asomewe na mtu amwaminiye. Kadhalika, akiambiwa jioni kwamba saa zimekwisha, na hali yeye yumo katika mstari saa 10 ilipogonga, asiondoke. Aliyekwisha kuwamo mstarini huruhusiwa kupiga kura.

Kuhusu matokeo, hapana budi kufahamu njia yanayopita. Kura huhesabiwa kituoni mbele ya mawakala wa vyama. Hesabu huandikwa katika fomu, ya Rais ikiwa Namba 21A, ya mbunge 21B na ya diwani 21C, na nakala hubandikwa pale kituoni. Matokeo ya ubunge hutangazwa na msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, na ya Rais hutangazwa na Tume, ambayo tangu mwaka 2024 yaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Basi mtu akitangaza saa 11 jioni kwamba fulani ameshinda jimbo zima, na aulizwe: fomu za Jibondo, Bweni na Kanga amezionea wapi?

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilikatika nchini, ikarudi baada ya siku kadhaa. Uvumi haukukatika pamoja nayo, kwani uvumi una miguu. Kilichokatika ni njia ya mtu kuuhakikisha. Ndiyo sababu mwanachama asitegemee simu peke yake. Karatasi iliyobandikwa ukutani haihitaji mtandao, na watu watatu wakiisoma pamoja, hawatasimulia hesabu tatu.

Afisi ya chama cha ushirika si jukwaa la kampeni, na katibu asikubali kuigeuza hivyo. Aweza, hata hivyo, kubandika ubaoni tangazo la Tume lililo sahihi, likiwa na tarehe na saa. Naye apelekaye mbele habari asiyoijua asali yake akumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kosa kueneza habari za uongo kwa kukusudia kudanganya. Kusema "nimeletewa tu" ni utetezi dhaifu, hata mbele ya jirani aliyepoteza kura yake.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi: Katika uchaguzi uliopita, ni habari gani iliyofika kijijini kwenu ambayo baadaye ilionekana kuwa si kweli, na nani wa kwanza kuisema? Kituo chenu kiko wapi, na nani miongoni mwenu atakwenda kuwasomea wazee majina yatakapobandikwa?