Jina Kwenye Kompyuta Si Yakini



Ndugu zangu katika imani, wenzetu wanaosoma kompyuta hapa Mbale huniuliza: je, inafaa Mwislamu kufanya kazi ya kuchunguza kompyuta za watu, ilhali Surat al-Hujurat imekataza kupelelezana? Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, lakini suali hili ni la fiqhi pia. Linawahusu hasa wanaotarajia kuanza kazi hiyo katika hospitali, kama zile za rufaa za Mbale na kwetu Jinja.

Kwanza, mipaka. Mchunguzi huitwa jambo likishatokea: rekodi ya mgonjwa imefutwa, hesabu ya dawa imebadilishwa, au majibu ya kipimo cha Ukimwi yamevuja. Tajassusi iliyokatazwa ni kufukua aibu za mtu bila haki. Mchunguzi ana dai mbele yake na idhini mkononi. Akiivuka idhini hiyo, akafungua faili la jirani yake wa Walukuba ili aone tu, ameingia kwenye tajassusi. Tena Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 inamngoja, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 imezipa habari za afya ulinzi maalumu.

Pili, kulinda ushahidi. Mchunguzi hafanyii kazi diski ya asili. Huiunganisha kwa kifaa kinachozuia kuandika, hutoa nakala kamili, kisha hupiga hesabu ya SHA-256 kwa zote mbili. Ikibadilika hata herufi moja, hesabu hazilingani. Kila aliyeishika diski huandikwa jina, tarehe na saa. Aliyesoma elimu ya hadithi ataijua isnadi hapa: mpokezi mmoja akikosekana, mlolongo umekatika.

Tatu, hukumu. Tuseme kumbukumbu za mfumo zinaonyesha akaunti ya muuguzi ilifungua faili saa nane usiku. Je, ni yeye? Wodini watu huweza kuazimana neno la siri wagonjwa wanapokuwa wengi. Kumbukumbu inathibitisha akaunti, haithibitishi mkono uliobonyeza. Hiyo ni qarina. Ibn al-Qayyim, katika at-Turuq al-Hukmiyya, alitetea kutumia qarina katika hukumu. Lakini kanuni ya fiqhi inabaki kuwa yakini haiondoshwi na shaka, na asili ya mtu ni kutokuwa na hatia. Basi tazama ratiba ya zamu, kompyuta iliyotumika, na kama saa yake ni sahihi. Andika "akaunti hii ilitumika". Usiandike "fulani alifanya" mpaka bayyina itimie. Neno moja la haraka kwenye ripoti laweza kumtoa mama wa watoto kazini na kumvunjia heshima mtaani.

Anayetaka kuanza aombe mafunzo ya kazi katika ofisi ya rekodi au idara ya kompyuta ya hospitali, ajue faili linavyosafiri kutoka mapokezi hadi maabara na famasi. Afanye mazoezi kwa programu ya bure ya Autopsy, kwenye flashi yake mwenyewe. Na azoee mapema kunyamaza: siri ya mgonjwa ni amana, hata baada ya kesi kwisha.

Wabillahi tawfiq.