Si kila joto ni la kukoma hedhi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 49, mzaliwa wa Tanga, naishi Silver Spring, Maryland, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Miezi sita iliyopita nilipasuliwa uvimbe kichwani, wanauita meninjioma, kisha nikapigwa mionzi. Bado nameza deksamethasoni na dawa ya kuzuia kifafa. Mwezi wa nne huu sioni siku zangu. Usiku mwili unawaka, naloa jasho chapachapa mpaka nabadili shuka, na hasira ziko puani. Mume wangu amehamia kwenye kochi, eti nimemchoka. Shoga yangu ameniletea vibandiko vya homoni alivyobakiza, anasema serikali imetangaza havina tatizo. Hospitali nashindwa kuyasema haya, maana anayenitafsiria ni mwanangu wa kiume wa miaka 15. Je, ni utu uzima, au uvimbe umerudi?

Mama Silver Spring

Marahaba mwanangu. Kwanza, vibandiko hivyo usivibandike.

Shoga yako hakudanganya. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, ambayo makao yake yako hapohapo kwenu White Oak, ilitangaza kuondoa onyo kali kwenye dawa nyingi za homoni za wanawake waliokoma hedhi. Lakini onyo lile lilihusu moyo, saratani ya matiti na kupotewa na kumbukumbu. Wewe una habari nyingine. Meninjioma huwapata wanawake mara mbili na zaidi kuliko wanaume, na nyingi zina vipokezi vya projesteroni: homoni hiyo ikipita, uvimbe huipokea. Wa kukuruhusu au kukukataza ni daktari wako wa kichwa, akishasoma majibu ya kinyama kilichotolewa.

Na kama Tanga ulikuwa ukichoma ile sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, mwambie uliichoma miaka mingapi. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2024, uliohusisha wanawake zaidi ya 18,000 waliopasuliwa meninjioma, uliihusisha sindano hiyo na uvimbe huu kwa walioitumia mwaka mmoja na zaidi. Sisemi ndiyo iliyokuponza. Wengi mno wameichoma na hawana kitu.

Sasa joto lenyewe. Kwa miaka 49, kukoma hedhi kunawezekana kabisa. Ila deksamethasoni nayo hutoa jasho, huwasha uso na huiba usingizi (na usije ukaiacha ghafla kwa hasira, mwili unaweza kuanguka; hupunguzwa kidogokidogo na daktari). Kama dawa yako ya kifafa ni levetirasetamu, hizo hasira ni tabia yake inayojulikana. Halafu kuna pituitari, tezi ya ukubwa wa njegere chini ya ubongo, inayoamrisha mayai, tezi ya shingo na tezi zilizo juu ya figo. Upasuaji au mionzi ikiigusa, hedhi hukatika bila mayai kuisha. Kipimo cha damu husaidia kutofautisha: mayai yakichoka, homoni iitwayo FSH hupanda, pituitari ikiumia, haipandi. Omba kipimo hicho, pamoja na cha kotisoli, hasa kama una uchovu usioelezeka au kizunguzungu ukisimama.

Joto peke yake halimaanishi uvimbe umerudi. Kichwa kuuma kupita ulivyozoea, kutapika, mkono kulegea, degedege jipya, hayo usiyangojee miadi.

Ikithibitika ni ukomo wa hedhi, zipo dawa zisizo homoni. Gabapentini hupunguza joto, tena asili yake ni dawa ya kifafa. Fezolinetanti iliidhinishwa Mei 2023, ila inataka ini lipimwe damu mara kwa mara. Mizizi na majani ya kuletewa kutoka nyumbani yaache kwanza; mengine hugombana na dawa za kifafa.

Ila ugumu wako mkubwa, naona, ni huyo kijana. Mama wa Kitanga ataanzaje kutaja hedhi na mambo ya chumbani mbele ya mwanawe? Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hapa Marekani zinatakiwa kisheria kukupa mkalimani bila malipo, na isipokuwa kwa dharura, hazitakiwi kumtumia mtoto. Ukipiga simu ya miadi sema tu: nataka mkalimani wa Kiswahili, mwanamke. Mara nyingi atakuwa kwenye simu au skrini, na pengine ndivyo vizuri zaidi, hutakutana naye msibani.

Mume wako nenda naye. Amehamia kochini kwa kutojua, na wewe hukumwambia. Aambiwe na daktari, kwa Kiswahili, kwamba mkewe hajamchoka.

Kijana abaki nje, mpe hela ya soda.