Kukinga Swichi za Chipu Zisiungue

Muhula huu Chama chetu cha Sayansi kilipata hasara, na mkosaji ni mimi. Naona yafaa niwaelezeni habari yake, ili wenzangu wapate faida ya somo bila kulilipia.

Tulikuwa tukitengeneza chombo cha kupimia joto la banda la vifaranga wa shule, mahali pane, kwa mita moja. Kazi ya kuchagua mahali ilifanywa na chipu iitwayo 4066. Ndani yake mna swichi nne zisizoshikwa kwa mkono; hufunguliwa na kufungwa kwa umeme. Tuliilisha volti 5. Siku moja, kwa haraka zangu, nilikosea waya nikagusisha volti 12 za betri kwenye mlango wa swichi. Chipu ikawa moto, ikafa. Nayo ilinunuliwa kwa michango ya wanachama.

Kwa nini ilikufa? Kila mlango wa swichi hiyo una diodi mbili ndogo za ndani: moja yaelekea waya wa chanya, nyingine waya wa hasi. Umeme wa mlangoni ukizidi ule unaolisha chipu kwa karibu volti 0.6, diodi ya juu hufunguka na kuupitisha. Watengenezaji wanaruhusu miliampea 10 tu kupita mlangoni. Betri haijui mpaka huo. Hutoa nyingi mno.

Basi dawa ni kuweka rezista kabla ya mlango. Tulihesabu hivi: 12 kutoa 5, kutoa 0.6, zabaki volti 6.4. Tukigawanya kwa omu 1,000, twapata miliampea 6.4. Tulifurahi, tukashika chuma cha kulehemu. Mwalimu wetu akauliza swali moja tu: "Na kama chombo kimezimwa?"

Tulinyamaza. Kumbe kikizimwa, waya wa chanya hushuka hadi 0. Hapo zabaki volti 11.4, na rezista ile ile yapitisha miliampea 11.4, yaani zaidi ya kiasi. Kwa hiyo tuliweka omu 2,200, nazo hupitisha karibu miliampea 5.2. Hata betri ikigeuzwa, hasi mahali pa chanya, hesabu ni hiyo hiyo, kwani diodi ya chini ndiyo itakayofunguka.

Jambo jingine: umeme uliopitishwa na diodi ya juu huingia katika waya wa chanya. Vyombo vingine visipoutumia wote, zile volti 5 hupanda na kuweza kuviharibu. Tuliweka diodi ya Zener ya volti 5.6 kati ya chanya na hasi ili izuie kupanda huko.

Kinga hii ina bei yake. Mita yetu ina ukinzani wa omu 100,000. Rezista mpya yapunguza kipimo kwa karibu sehemu 2 katika 100. Hilo twaweza kulisahihisha kwa hesabu, lakini chipu iliyoungua haisahihishiki.

Chipu ya pili nimeinunua kwa fedha zangu za matumizi. Siku ilipowekwa, niliomba niguse tena mlango wake kwa volti 12, chombo kikiwa kimewashwa, kisha kimezimwa. Wenzangu walishika pumzi. Chipu haikupata hata joto, nayo yafanya kazi bandani mpaka leo.

Anayetaka kukinga chombo asihesabu siku njema tu. Ahesabu na siku ya mkosaji.