Uyoga wa Porini: Ujue Kwanza, Ndipo Uupike

Mvua inaponyesha na ardhi kulowa, uyoga huchipuka vichuguuni, mashambani na misituni. Katika sehemu nyingi za Magharibi na Nyanza, msimu huu hungojwa kwa hamu, kwani uyoga wa kichuguu ni kitoweo kitamu. Isitoshe, uyoga una protini, vitamini za kundi B na madini ya potasiamu, na mafuta yake ni kidogo sana.

Lakini kabla hujainjika sufuria, mpenzi msomaji, kumbuka jambo moja: moto hauondoi sumu ya uyoga unaoua. Hata ukichemshwa, ukamwagwa maji, ukakaangwa au kuanikwa juani, sumu hubaki.

Usidanganyike

Wako wanaosema kwamba uyoga ulioliwa na konokono au wadudu ni salama kwa binadamu. Wengine hutia kijiko cha fedha au kitunguu ndani ya sufuria na kutazama kama kitageuka rangi. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachofaa.

Njia ya pekee ni kuujua uyoga wenyewe. Ule wa kichuguu huota juu ya kichuguu au karibu nacho. Mguu wake huendelea chini ya udongo kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota cha mchwa, na aghalabu katikati ya mwavuli wake pana kincha. Usiuchanganye na uyoga mweupe unaoota kwenye nyasi, wenye pete mguuni, ambao mikunjo yake chini ya mwavuli hugeuka kijani kibichi unapokomaa. Huo huleta kutapika na kuhara. Chuma pamoja na mtu anayeijua vyema aina hiyo, na ukiwa na shaka, utupe.

Jinsi ya kupika

Beba uyoga kwa kikapu, kwani ukifungiwa ndani ya plastiki huharibika upesi. Upike siku hiyo hiyo. Kwa watu wanne, utahitaji:

Uyoga nusu kilo
Kitunguu 1 na nyanya 2
Mafuta vijiko 2
Karanga zilizosagwa nusu kikombe
Chumvi kiasi

1. Kata sehemu yenye udongo, tupa uliooza au wenye mabuu, kisha suuza upesi. Usiuloweke, kwa kuwa hunywa maji.

2. Upasue kwa mikono vipande vya kiasi.

3. Kaanga kitunguu, tia uyoga na chumvi. Utatoa maji yake mwenyewe. Uache uchemke hadi yakaribie kukauka.

4. Ongeza nyanya, kisha karanga zilizokorogwa kwa maji kikombe 1. Punguza moto, funika, na upike dakika 20 zaidi huku ukikoroga.

Usitie magadi, kwani huharibu baadhi ya vitamini. Kula kwa ugali na mboga za majani. Uyoga ukizidi, ukate vipande vyembamba na kuuanika juani hadi ukauke kabisa. Siku ya kuupika, uloweke katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa.

Anayeonja aina fulani kwa mara ya kwanza na ale kidogo tu, hata kama wengine huila, kwa sababu miili hutofautiana. Weka kando uyoga mmoja mbichi ambao daktari ataweza kuutazama kukitokea tatizo.

Dalili za hatari

Sumu iliyo kali zaidi hukawia. Mtu aweza kula jioni na kulala salama, kisha baada ya saa 6 hadi 24 akaanza kuumwa na tumbo, kutapika na kuharisha. Siku ya pili au ya tatu huonekana amepata nafuu, na jamaa hufurahi, kumbe ini linaendelea kuharibika. Baadaye macho huwa ya manjano, na wakati huo huenda ikawa vigumu kumwokoa.

Kwa hiyo usimpe maziwa wala mayai mabichi ukitumaini yataua sumu. Mpeleke hospitali mara dalili ya kwanza inapotokea, pamoja na ule uyoga mmoja uliobaki, na wote waliokula naye waende wakapimwe, hata kama bado hawajahisi lolote.