Mtaalamu, Maswali Unayojibu Kila Siku Yanaweza Kuwa Kitabu cha Kuuza kwa Simu

Ni saa nane mchana. Daktari wa mifugo ameketi kula, simu inalia.

"Daktari, pole kwa kukusumbua. Ng'ombe wangu ameonyesha joto leo asubuhi. Nimwite mtu wa mbegu sasa, ama ningoje kesho?"

Jibu analijua bila kufikiri. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi, apandishwe jioni hiyo hiyo. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Lakini mazungumzo hayaishi hapo. Kuna habari ya lishe, ya ndama, ya maziwa kupungua. Dakika kumi zimeenda, na chakula kimepoa.

Hebu tupige hesabu. Simu sita kwa siku, dakika kumi kila moja, ni saa nzima. Kwa wiki ya siku sita, umetoa saa sita za kazi bila malipo. Na huwezi kuwakatia watu simu, kwa sababu ni majirani na ni wateja wako.

Kama wewe ni mhasibu, mtaalamu wa lishe, mwalimu wa muziki au fundi wa umeme, unaijua hali hii. Maswali ni yale yale. Ndiyo maana tunasema: yaandike mara moja, yawe kitabu pepe, yaani kitabu cha kusomwa kwa simu.

Faida utakazopata

*Muda wako unarudi.* Mtu akiuliza swali la kawaida, unamwambia: "Hiyo nimeieleza yote kwenye kitabu, ni shilingi 200." Unabaki na nafasi ya kushughulikia kesi ngumu, zile zinazohitaji ufike mwenyewe.

*Watu wanakuamini kabla ya kukutana nawe.* Mfugaji aliyesoma kurasa zako 30 na kuona ushauri umemsaidia hatatafuta mtu mwingine ng'ombe wake akiugua. Atakupigia wewe, na atajua kwamba kufika kwako kuna malipo.

*Pesa ndogo ndogo zinaingia.* Tuseme ukweli: wasomaji 30 kwa shilingi 200 ni shilingi 6,000. Hizo hazijengi nyumba. Lakini kitabu hakihitaji stoo, hakiozi, na nakala ya mia moja haikugharimu uchapishaji kama ya kwanza.

Kwa nini uuze kwa simu

Unaweza kuuza kupitia Amazon, na ni vizuri kama unataka wasomaji wa ng'ambo. Ila huko, kitabu cha bei ya chini ya dola 2.99 kinamwachia mwandishi asilimia 35 tu ya bei, na malipo huja takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha. Shilingi 200 ni chini ya bei hiyo. Ukilipwa moja kwa moja kwa simu, pesa inaingia papo hapo, na unachotoa ni ada ya muamala tu. Msomaji wako naye hahitaji kadi ya benki.

Uza bila kuibiwa

1. *Tumia till ya biashara, si namba yako ya kibinafsi.* Pesa ya kitabu isichanganyike na ya unga. Mwisho wa mwezi utaomba taarifa ya miamala na kuona ulichouza, na wakati wa kujaza ritani za KRA hutahangaika.

2. *Usitume kitabu kwa sababu umeonyeshwa ujumbe wa malipo.* Picha ya ujumbe inaweza kutengenezwa. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Faili ikishaenda, hairudi.

3. *Ukiambiwa "nimetuma kimakosa, nirudishie", usirudishe mwenyewe kwa haraka.* Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja ili muamala ushughulikiwe kwa njia rasmi. Na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwetu.

4. *Andika jina na namba ya simu yako ya kazi ndani ya kitabu.* Kuna mtu atakinunua na kukirusha kwenye grupu ya WhatsApp. Hilo litatokea. Basi angalau kila anayekisoma ajue pa kukupata.

Mambo ya kuchunga

Usiandike habari za mteja zinazomtambulisha bila ruhusa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari hizo, na hata bila sheria, mteja akijisoma kitabuni hatarudi. Hiyo inahusu pia namba za simu za wanunuzi: usizitumie kutangaza mambo mengine bila idhini.

Eleza dalili na hatua za kwanza, lakini usimpe msomaji vipimo vya dawa vya kujitibia au kutibu mnyama usiyemwona. Andika wazi ni lini asome na ni lini apige simu haraka. Soma pia kanuni za bodi ya taaluma yako kuhusu kujitangaza, kwa sababu baadhi zina mipaka.

Hakimiliki ni yako pindi unapoandika. Ukiisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, utakuwa na ushahidi siku ya mzozo. Ukitaka namba ya ISBN, inatolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya, KNLS.

Anza wiki hii

Chukua daftari. Kwa siku saba, andika kila swali unaloulizwa kwa simu. Wiki ikiisha, chagua kumi yaliyojirudia zaidi. Hizo ndizo sura zako kumi. Kila moja ijibu swali moja, kwa lugha unayotumia ukiongea na mteja. Tumia herufi kubwa na picha chache, ili faili isimalize bando ya msomaji.

Kabla ya kuuza, mpe mteja mmoja asome bure. Mwulize ni wapi amekwama. Hapo ndipo pa kurekebisha, kisha utangaze till yako.