Mbwa hasikii filimbi

SWALI: Daktari, naishi Scotland na nina Labrador wa miaka saba, kazi yake kuokota ndege ninaowapiga. Siku hizi nikipuliza filimbi haitiki. Ni ukaidi?

JIBU: Nashuku masikio. Mlio wa bunduki ya marisau hupita desibeli 140, na chembe za usikivu za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena.

Tazama kwanza anapoketi. Wawindaji wengi humweka mbwa mbele kidogo, mtutu ukapita juu ya kichwa chake. Humfanyii mtu hivyo! Mrudishe nyuma yako. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu mlio hupungua kama desibeli 6. Ndani ya kibanda cha kuvizia bata ni balaa, maana kuta huurudisha. Vifunika masikio vya mbwa vipo na vinafaa akiwa ametulia, lakini vichakani hunasa, tena vinamzuia kukusikia.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe: nta na maambukizi hutibika, na kuna kipimo cha neva kinachoonyesha kila sikio peke yake. Na anza leo kumfundisha ishara za mkono, angali anasikia kidogo.