Mshahara wa opereta wa timboni: uhesabu kabla hujapanda mtambo

Katika nchi ya majani chai karibu kila mtu anajua maana ya kulipwa kwa kipimo. Mchumaji anapeleka kapu kwenye mizani, kilo zinaandikwa, na mwisho wa mwezi anajua anadai nini. Opereta wa ekskaveta au buldoza anayechimba mawe na changarawe za barabara zetu naye ana kitu kama mizani. Ni mita ndogo iliyo ndani ya kibanda chake, inayohesabu saa ambazo injini imekuwa ikinguruma. Mwenye mtambo humtoza mteja kwa saa hizo.

Ugomvi mwingi huanzia hapo. Mvua ya Kericho haina msimu mmoja. Inaweza kunyesha mchana wowote, shimo la timbo likajaa tope na mtambo ukazimwa saa nane. Mita imesimama, mteja halipi, na mwenye mtambo anamwambia opereta kwamba leo hakuna kitu, au ni nusu siku. Opereta aliyefika kazini saa moja asubuhi anarudi nyumbani na pesa ya nauli tu.

Somo la toleo hili ni kutenganisha mambo hayo mawili. Mita ni ya biashara kati ya mwenye mtambo na mteja wake. Mshahara ni wa mkataba kati ya opereta na mwajiri. Ikiwa mkataba unasema unalipwa kwa mwezi, mvua haipunguzi mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya, kwa mfano siku ulizokosa kazini bila ruhusa. Mvua haimo katika orodha hiyo. Mtambo kuharibika hakumo. Mteja kuchelewa kulipa hakumo.

Kifungu hicho hicho kinagusa jambo lingine linalowaumiza maopereta: meno ya ndoo yakivunjika kwenye mwamba, au paipu ya haidroli ikipasuka, bei inakatwa kwenye mshahara. Sheria inaruhusu makato ya kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Meno kuchakaa kwa kuchimba mwamba ndiyo kazi yenyewe. Na hata makato yanapokuwa halali, jumla yake haipaswi kupita theluthi mbili ya mshahara.

Sasa hesabu. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali ya kitaifa katika Gazeti Rasmi. Agizo lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 liliongeza viwango kwa asilimia 6. Kibarua wa kawaida katika miji mikuu alifika zaidi ya shilingi 16,100 kwa mwezi, katika manispaa za zamani karibu 14,900, na kwingineko karibu 8,600, zote bila marupurupu ya nyumba. Mji wa Kericho ulikuwa manispaa. Timbo lililo kijijini Kipkelion au Londiani huhesabiwa katika lile kundi la mwisho. Kwa hiyo kilomita chache za barabara zinaweza kubadilisha kiwango ambacho sheria inakulinda nacho.

Kibarua yuko chini kabisa katika orodha. Mchimba migodi na mkata mawe wako juu yake hatua moja tu. Dereva wa trekta dogo la magurudumu anafuata baadaye, kisha dereva wa trekta la minyororo, na juu zaidi dereva wa lori zito. Orodha hiyo ni ya zamani: utakutana na mwoka mikate na mshona viatu, lakini neno ekskaveta hulioni. Kwa maoni yetu hilo ni pengo, na ndiyo sababu cheti kina uzito. Orodha hiyo inamalizikia kwa mafundi wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, na daraja hutokana na mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na NITA. Opereta mwenye daraja lililoandikwa ana mahali pa kusimama anapojadili mshahara. Mwenye ujuzi wa miaka kumi bila karatasi anabaki kutegemea huruma. Kumbuka pia leseni ya udereva inayohusu mitambo ya ujenzi na viwanda. Leseni ya gari dogo haitoshi.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Opereta amekubaliana mshahara wa msingi wa shilingi 30,000 kwa mwezi. Chini ya Agizo la Jumla la Mishahara, wiki ya kawaida ni saa 52 zilizogawanywa katika siku sita, na thamani ya saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 225. Kwa opereta wetu ni shilingi 133 na senti 33. Saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 200. Saa ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili, yaani karibu shilingi 267. Marupurupu ya nyumba ni asilimia 15, ambayo ni shilingi 4,500, isipokuwa mwajiri amempa nyumba au mkataba umesema wazi kwamba kodi imo ndani ya mshahara. Akifanya saa 10 za ziada na Jumapili moja ya saa nane, anadai 30,000, na 4,500, na 2,000, na 2,133. Jumla ni shilingi 38,633 kabla ya makato ya NSSF, ya bima ya afya ya SHIF ambayo ni asilimia 2.75, ya ushuru wa nyumba ambayo ni asilimia 1.5, na kodi ya mapato inayomhusu.

Mwenzake ameahidiwa shilingi 1,500 kwa siku bila mkataba. Kwa siku 26 hiyo ni 39,000, na ndiyo maana vijana wengi huikimbilia. Lakini ili kufikia tu shilingi 34,500, yaani mshahara na nyumba vya yule wa kwanza bila saa za ziada, anahitaji kufanya kazi siku 23. Mwezi wa Aprili katika milima yetu, nani anaweza kumhakikishia siku 23 kavu? Akipata 17 anaondoka na 25,500. Yule wa mwezi ana siku 21 za likizo ya malipo kwa mwaka na siku moja ya kupumzika katika kila saba. Huyu wa siku akiugua malaria, familia inaugua naye.

Hata hivyo wa kutwa si lazima abaki wa kutwa. Kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi hata kama hakuna aliyeandika chochote. Barabara ya changarawe ya kilomita nyingi mara chache humalizwa kwa wiki mbili. Opereta aliyekaa timbo moja tangu Januari hadi Mei, akilipwa kila jioni kwa M-Pesa, ana hoja nzito.

Hoja inahitaji ushahidi. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Asipoweza kuutoa mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Wewe nawe usikae bure. Nunua daftari la shilingi ishirini, uandike tarehe, saa uliyofika, saa uliyotoka, namba ya mita asubuhi na jioni, na sababu ya mtambo kusimama. Hifadhi jumbe za malipo za simu. Daftari lililojazwa kila siku huaminika kuliko kumbukumbu ya mtu aliyekasirika.

Uliza pia mapema: mwajiri wangu ni nani? Mitambo mingi hukodishwa pamoja na opereta. Mwenye timbo anatoa maagizo, mkandarasi anatoa pesa ya chakula, mwenye mtambo yuko Nakuru. Mshahara ukikwama kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Jina la mwajiri ni moja ya mambo ambayo sheria inataka yawe katika maelezo ya ajira.

Mwisho wa kazi nao una malipo. Kule Kwale, mgodi wa wazi wa titani wa Base Titanium, ambako mchanga ulisukumwa kwa buldoza na baadaye kuchimbwa kwa maji ya kasi, ulifunga uchimbaji Desemba 2024 baada ya takriban miaka 11. Kufungwa kwake kulijulikana mapema. Matimbo yetu hayafungwi kwa matangazo. Kandarasi inaisha, mtambo unapandishwa kwenye trela, na asubuhi hakuna mtu. Sheria haitofautishi. Anayepunguzwa kazi hulipwa si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza, pamoja na notisi na likizo alizobakiza. Miaka minane ni siku 120.

Serikali ya kaunti haina mamlaka ya kuamua mizozo ya mishahara. Viwango vya leba ni kazi ya serikali ya kitaifa chini ya Katiba, hivyo usije kwenye ofisi zetu ukitarajia hukumu. Nenda kwa afisa wa leba mjini Kericho, na wakazi wa Bomet wana ofisi yao. Kupeleka malalamiko hakulipiwi. Kama kuna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali pako, kama vile Kenya Quarry and Mine Workers Union, mkataba wa pamoja unaweza kuwa na viwango vilivyo juu ya vile vya Gazeti Rasmi. Ikishindikana, Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba ina kituo Kericho. Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu tangu dai lilipozuka. Wanaofanya kazi kwenye maeneo ya ujenzi, nje ya timbo, wamwulize afisa huyo kuhusu agizo la sekta ya ujenzi, kwa kuwa saa zake za wiki ni tofauti na hizi tulizotumia.